Mwenze Anasema

Félix Kilufya alifundisha falsafa miaka kumi na tisa katika shule moja ya sekondari kule Pweto, upande wa Congo wa ziwa, na katika miaka yote hiyo hakuna kabichi iliyowahi kumnyima usingizi. Ilibidi avuke ziwa, akae kambini, afikishe miaka hamsini na minane, ndipo kabichi zimtie joto la moyo. Tena zingekuwa zake tungesema ni mkulima anayejali kazi yake. Zilikuwa za jirani.

Ni mtu mrefu, mkavu, miwani yake imefungwa waya upande mmoja, na kila asemalo hulisema pole pole ili asiyeandika apate kuandika. Vita vilipomwondoa kwao miaka minane iliyopita, alivuka na mkewe Léonie, binti yao Joëlle, na begi la vitabu ambalo Léonie alimwambia aliache. Joëlle sasa ameolewa Lusaka. Vitabu vililiwa na mchwa. Kilichobaki ni mke na bustani: vitalu kumi na vinne kando ya kijito kinachoingia ziwani, nje kidogo ya Kashikishi upande wa Zambia, walivyoazimwa na mzee mmoja wa Kibemba ambaye magoti yake yalikuwa yamekataa kazi.

Wakati wa mvua kila mtu hapa ni mkulima. Mihogo haihitaji akili, Félix alipenda kusema, inahitaji mgongo. Bustani ya wakati wa joto ni jambo lingine. Mwezi wa tisa na wa kumi, udongo unapochoma nyayo na majani yote ya mlimani yamekwisha, mwenye maji ya kijito ndiye mwenye nyanya na mboga za majani, repu na lengalenga, na soko zima linamtazama yeye. Humwagilia alfajiri, humwagilia jioni, na katikati ana saa nyingi za kukaa kivulini na kuwaza. Félix aliwaza kwa sauti. Alizihutubia nyanya zake juu ya uhuru, juu ya serikali za ng'ambo hii na ng'ambo ile, juu ya mtu kama yeye ambaye uchaguzi ukifika hana kura huku wala kule na bado bei ya mafuta inampata pande zote mbili. Waliokuja kuchota maji walitua ndoo zao wakasikiliza. Walimwita Prof. Alikuwa mkimbizi, ndiyo, lakini mkimbizi mwenye wasikilizaji, na hiyo si hali mbaya sana.

Basi mwaka jana akaja Mwenze.

Mwenze alikuwa mfanyabiashara wa samaki kati ya Kilwa, ile ya Congo, na Kashikishi mpaka injini ya mtumbwi wake ilipokufa, naye akasema ziwa amelishiba. Alikuwa amefiwa na mke. Mfupi, mpana wa mabega, shule aliiacha akiwa na miaka tisa. Alipata vitalu upande wa pili wa ua wa matete wa Félix, na mwaka wa kwanza kabichi zake zilikuwa kabichi tu. Mwaka wa pili zilikuwa fedheha. Moja ilijaza beseni. Wenye ndoo walianza kutua ndoo zao upande ule, si kusikiliza, maana Mwenze hakusema kitu, bali kushangaa. Félix alikuwa amejaribu kabichi zamani, zikamtokea kama ngumi za mtoto, akaziacha akitangaza kwamba kabichi ni mboga ya watu wasio na subira ya nyanya.

Hilo peke yake angelimeza. Lakini Léonie ndiye aliyekuwa akipeleka mboga sokoni, na kwa kuwa njia ni moja, alipeleka na kabichi za Mwenze. Kila alfajiri alipitia kwake kwanza. Jambo la kawaida la majirani, hakuna wa kulisema vibaya. Hata Félix hakulisema. Alilitazama tu kupitia matundu ya matete.

Kisha jioni moja, wakila bukari, ndio ugali wao, na samaki wa kuchoma, redio ikisema, Léonie akasimulia kwamba msafara wa mgombea mmoja ulipita sokoni ukigawa vitenge.

"Mwenze anasema," akaongeza, "batu ba politiki banamwangiaka mayi paka mu njia, juu njo kwenye batu banapita. Kitalu ya nyuma inakauka."

Akacheka. Félix akabaki na tonge mkononi.

Lilikuwa neno zuri: wanasiasa humwagilia njia tu, wanakopita watu, na kitalu cha nyuma kinakauka. Hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa. Lingekuwa neno la kipumbavu, angelisahau kabla ya kunawa. Lakini ni neno ambalo yeye mwenyewe angetaka kulisema, na alikuwa ameishi miaka yote hii karibu na maji, njia na vitalu bila kuliona.

"Ule mutu hakumaliza ata quatrième primaire, ile darasa ya nne," akasema.

"Njo ivyo amesema."

"Sasa sikia kosa yake." Akazima redio, akaanza. Alieleza kwamba njia nayo ni mali ya umma, kwamba anayemwagilia njia anapunguza vumbi, kwamba mfano si hoja. Alieleza mpaka samaki akapoa. Léonie alisikiliza, akauliza swali moja, akajibiwa, akauliza la pili. Walilala wamechelewa, Félix akiwa ameshinda mjadala dhidi ya mtu ambaye hakuwepo.

Tangu siku hiyo haikupita jioni bila Mwenze kusema kitu. Mwenze anasema kabichi haiulizi udongo ni wa Congo ao wa Zambia, inauliza kama kuna mayi. Mwenze anasema ukweli ni sawa nyanya, ukiivuna mbele ya wakati ni chungu, ukichelewa inakuozea mu mukono. Mwenze anasema mutu anayeogopa kifo sana ni ule ambaye hajawahi kuotesha kitu. Félix alizijibu zote, moja baada ya nyingine. Mchana, akipalilia, hakuzihutubia tena nyanya, alitayarisha majibu. Saa kumi na moja ilipofika alikuwa tayari ameketi nyumbani, miguu imeoshwa, akimngoja mkewe aje na habari za adui. Zamani alikuwa akila, anafungua redio, anageukia ukutani. Sasa redio ilishika vumbi.

Wala usidhani alifurahi. Aliteketea. Alihesabu mara ambazo Léonie alicheka akitaja jina lile, na usiku alijumlisha. Wiki moja zilifika kumi na moja, na yeye mwenyewe wiki hiyo alimchekesha mara moja, tena alipoteleza akaanguka kijitoni. Alianza kuutazama mwili wake: mbavu, goti, waya wa miwani. Alianza kuyatazama mabega ya Mwenze. Alfajiri aliamka kabla ya mkewe, akajibanza nyuma ya ua wa matete apate kuyasikia kwa masikio yake hayo mazungumzo makubwa. Alisikia:

"Jambo, mama."

"Jambo, baba. Leo ngapi?"

"Kumi na mbili."

Basi. Mtu mwingine angesema hawa hawana la kusemezana. Félix akasema wamenisikia, wamebadili lugha. Mwenye wivu ukimwonyesha mlango uliofungwa atasema kuna watu ndani, ukimwonyesha ulio wazi atasema wametoka sasa hivi.

Na kwa kuwa hakuweza kumshinda Mwenze kwa maneno mbele ya mkewe, kwani kila alipoliangusha neno moja kesho lilikuja jingine bora zaidi, aliamua kumshinda kwa mboga. Hapo ndipo akaiona ndoo.

Asubuhi moja Mwenze alirudi kutoka bandarini na baiskeli, nyuma kafunga ndoo iliyofunikwa gunia, na harufu yake ilitangulia. Samaki. Félix akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Yeye aliyewafundisha watoto wa watu, mwaka baada ya mwaka, kwamba kitu kufuatana na kingine si kusema kimezaliwa nacho, na kwamba nusu ya ujinga wa dunia unatokana na kosa hilo, aliona ndoo, akaona kabichi, akasema: nimekwisha kujua. Kinyozi hajinyoi.

Angeweza kuuliza. Léonie alishinda Kashikishi kila siku ya Mungu, katikati ya wanawake wanaopasua samaki, na hakuna ndoo iliyotoka pale asiyoijua. Lakini kumwuliza Léonie siri ya Mwenze kungekuwa kukiri kwamba Mwenze ana siri. Akachukua ndoo mbili na mti wa kubebea, akaondoka mchana wakati mkewe yuko sokoni upande wa mboga. Hakwenda kwa wapasuaji, maana wale walimjua Léonie. Alikwenda mwisho kabisa wa bandari, kwa wanawake wanaotengeneza bitoyo, samaki wa chumvi wa kuvushwa ng'ambo hadi Lubumbashi. Kwenye pipa moja vilikuwa vichwa na matumbo yakielea ndani ya maji mazito ya kijivu yenye kunuka kuliko dhambi.

Mwenye pipa, Dorica, mama wa Kibemba mwenye mikono iliyopasuka, alimtambua, akamwita kwa Kibemba kama baba wa Joëlle.

"Bashi Joëlle! Unataka hii? Ya nini?"

"Chambo," akasema Félix, ambaye hakuwahi kushika ndoana.

"Na mayi yake?"

"Na mayi yake."

"Chukua yote. Nzi zinatumaliza."

Angesema ni ya bustani, Dorica angemshika mkono amzuie. Lakini mficha uchi hazai, na Félix alikuwa ameficha mpaka ukucha. Alibeba ndoo mbili siku hiyo, mbili kesho yake, na mbili siku ya tatu, akiwa na mabega yaliyochubuka na furaha ambayo hakuwa ameionja tangu Pweto. Alizimwagilia nyanya zake zote. Zilikuwa katika kuiva, shina moja lina matunda ishirini, nyanya zilizokuwa zilipie ukarabati wa bati la nyumba kabla ya mvua. Kila kopo alilolimwaga alijiona akiingia sokoni na Léonie kando yake, akisema kwa mara ya kwanza: Félix anasema.

Siku ya nne kingo za majani zilikuwa za kahawia. Jua, akasema. Siku ya sita mashina yalikuwa yameinama, matunda yamelegea kama mashavu ya mzee, na kitalu cha kwanza hadi cha kumi na nne vilinuka na kufa pamoja. Upande wa pili wa matete kabichi za Mwenze zilikuwa zimekaa kimya, kubwa, za buluu, na umande juu yake.

Mtu huyu aliwahi kuandika ubaoni, kwa herufi kubwa, kwamba uchawi ni jina la sababu tusiyoitafuta. Sasa alisimama katikati ya vitalu vyake akapiga kelele:

"Mwenze! Kuya hapa!"

Mwenze akazunguka ua, jembe begani. Alipoona nyanya akavua kofia.

"Yo, Prof. Hizi zimepatwa na nini?"

"Weye njo unauliza? Muke yangu umemukamata na maneno, sasa nyanya zangu unazimaliza na dawa!"

"Maneno?" Mwenze alitazama nyuma yake, labda kuna mtu mwingine. "Maneno gani?"

Félix akayataja. Aliyajua yote kwa moyo, ndivyo wivu unavyofundisha kuliko shule. Njia na kitalu cha nyuma. Udongo usioulizwa uraia. Ukweli na nyanya. Kifo na asiyeotesha. Aliyasema yote, na kwa bahati mbaya aliyasema vizuri. Mwenze alisikiliza mpaka mwisho, mdomo wazi kidogo.

"Ni maneno ya bei kabisa," akasema. "Lakini haina ya miye. Prof, unanijua. Miye na Mama Joëlle tunasemaka paka kabichi ngapi. Maneno kama hayo nitayatoa wapi?"

Akainama. Alichota udongo kwa ncha ya kidole, akautia ulimini kama watu wa samaki wanavyoonja, akautema upande.

"Prof," akasema taratibu, "hapa umetia chumvi."

Félix alizitazama ndoo zake mbili, bado zinanuka. Mwenze naye akazinusa.

"Ni mayi ya bitoyo? Nani alikuambia utie mayi ya bitoyo? Ile ya miye ni matumbo mabichi, haina chumvi. Na siitie juu. Ninaizika mu shimo na majani tangu mwezi wa nne, inaoza yote, njo naitia chini ya kabichi." Alisita, akigeuza kofia mikononi. "Ni Mama Joëlle alinionyesha. Alisema alikuambia weye kwanza."

Akarudi upande wake. Mtu mwema, hakutaka kutazama zaidi.

Siku hiyo Léonie alitoka sokoni mapema, saa tisa, karai tupu kichwani. Alimkuta mumewe ameketi chini kati ya vitalu. Alizitazama nyanya moja moja kutoka mwanzo hadi mwisho, naye ndiye aliyezipanda nusu yake, na hakupiga kelele. Alitua karai.

"Dorica aliniambia leo," akasema. "Alisema bwana yako anavua samaki. Nikajua."

"Ulimwonyesha Mwenze," akasema Félix. "Ile ya matumbo."

"Nilikuonyesha weye. Mwaka jana, tulipokuwa tunakula bukari. Nilisema, Baba Joëlle, pale kwa wapasuaji banatupa matumbo, tuzike. Ukanijibu na Mugiriki moja aliyekufa. Ulisema naye alikatazaga kitu, sijui ni maharage. Ulipomaliza nilikuwa nimelala. Njo nikamupa Mwenze. Yeye alisema paka: sawa, mama."

"Na yale maneno?"

Léonie alifungua kitenge chake, akakifunga upya kiunoni. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mwenye sauti ya chini, na Félix alimtazama sasa kwa namna aliyokuwa akimtazama Mwenze kupitia matete.

"Ni ya miye," akasema. "Yote. Niko natembea ku soko saa moja na karai mu kichwa, weye unazani mule mu kichwa muko nini? Miaka makumi tatu nilikuwa nasema 'mi nawaza', unafungua redio. Ile siku ya vitenge nikajaribu 'Mwenze anasema'. Ukaizima."

Félix alitafuta kosa katika hoja ile, maana mazoea ni mazoea, na hakulipata. Wivu wake haukuondoka, kama mnavyodhani ungeondoka. Ulihama tu nyumba. Neno lile la njia na kitalu, ambalo lilimnyima usingizi wiki nane, lilikuwa limezaliwa ndani ya nyumba yake, mkekani mwake, upande wa pili wa bega lake, na bado halikuwa lake. Mtu angeweza kumchukia Mwenze na akapata nafuu. Huyu angemchukia vipi? Alimwonea wivu mkewe, wazi wazi, kwa kichwa chake, na aliona aibu hata ya kuinua macho.

"Basi Mwenze amekwisha," akasema Léonie akiokota jembe. "Amenichokesha nayeye. Kesho hatasema kitu."

Na hilo ndilo lililomwingia Félix, kuliko nyanya, kuliko bati. Aliiona jioni ya kesho: bukari, samaki, redio. Aliuona ule ubishi wote, samaki akipoa, swali la kwanza na la pili, ukiwa umekwisha kwa sababu aliyekuwa akiutia kuni ameweka chini kuni. Wiki nane aliungua, na hakuwahi kuishi na mkewe kama alivyoishi naye wiki hizo nane.

Léonie alikuwa amesimama kwenye kitalu cha kwanza, akigeuza udongo uliounguzwa kwa ncha ya jembe, akiutazama.

"Mama Joëlle," akasema Félix. Sauti ilimtoka vibaya, akaanza tena. "Huu udongo. Weye unawaza tufanye nini?"

Léonie hakugeuka. Alipiga jembe mara moja, akachota udongo kiganjani.

"Ngoja," akasema. "Niko nawaza."

Félix akangoja. Mara mbili alifungua mdomo ili amsaidie, na mara mbili akaufunga.